Salamu ya Kichwa Mjini Ghent

Kuna vichwa vigumu na kuna vichwa vyepesi, lakini kichwa cha Nailantei Katoo kilikuwa na tabia zake. Kikimwona mzee, kinainama. Hakimwombi mwenyewe ruhusa. Kwao Isinya, Umaasaini, ndivyo mtoto anavyolelewa: ukikutana na mtu wa rika la baba au babu, unainamisha kichwa, naye anakuwekea kiganja utosini, anasema neno lake, unaitikia, basi, mmesalimiana. Kupeana mikono ni mambo ya wewe na wenzako. Na kabla hujaguswa huongei, maana utaanzaje kuongea na mtu ambaye bado hajakusalimu?

Chuoni Nairobi jambo hili halikumsumbua hata siku moja. Wahadhiri wake walikuwa vijana wa raba nyeupe, na ukimwinamia mmoja wao angekuuliza unaumwa na nini. Kwa hivyo alipochaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja Ubelgiji, katika mji wa Ghent, mambo ya maji ya chini ya ardhi, alifungasha sweta, soksi, majani chai na unga wa ugali, wala hakufikiria kwamba kichwa nacho kingemletea kazi.

Walimuagia Kitengela, kwa shangazi yake. Mchungaji aliomba mpaka chai ikapoa. Kisha bibi yake, ambaye ukoo mzima ulimwita Koko, akasimama akamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso. Mengine yakaipata pasipoti mkononi, na mama mtu akarukia kuipangusa kwa leso.

"Iache hiyo!" Koko akafoka. "Kwani haisafiri?"

Alisafiri pamoja na Hillary Odero, aliyechaguliwa naye, jirani wa shangazi hapo Kitengela, mtoto wa mwalimu kutoka Siaya. Odero na aibu hawajawahi kujuana. Kabla ndege haijatua alikuwa amewapa mkono abiria wote wa safu yao na wa safu ya nyuma, na mmoja alikuwa amemwalika harusini.

Siku ya kwanza darasani, mwalimu wao alisimama mlangoni akiwapokea. Lo! Huyu sasa alikuwa mzee, mzee kamili: mvi, masikio makubwa, fimbo mkononi, na ule utulivu wa mtu aliyeona mengi. Odero akampa mkono akautikisa vizuri. Nailantei akafika, na kabla hajakumbuka yuko bara gani, kichwa kikaenda chini.

Profesa akatazama sakafu. Alidhani binti ameangusha kitu. Kwa wema wake naye akainama, vichwa vikakaribia kugongana.

"Umepata?" akauliza.

"Bado," Nailantei akajibu kwa adabu, akidhani anaulizwa kuhusu salamu.

Basi profesa akawaita vijana wawili, wote wakapiga magoti kutafuta. Odero, aliyekulia Kitengela na kujua vizuri kinachoendelea, alitoka nje akacheka mpaka akashika ukuta.

Ungedhani mambo yataishia hapo. Wapi! Salamu iliyoanzwa haikumalizwa, na salamu ya namna hiyo inakaa kifuani kama mfupa wa samaki kooni. Darasani Nailantei alijua majibu, lakini mdomo ulikataa kufunguka mbele ya mzee ambaye hajamsalimu. Wiki zikapita, akaandikwa kuwa mwanafunzi asiyechangia. Na kozi ile haikuwa na mtihani wa kuandika. Alama zote zilikuwa kwa mtihani wa mdomo, wewe na profesa, ana kwa ana. Ukianguka, muhula mzima hauhesabiwi, na wenzako Nairobi wanavaa majoho bila wewe. Nailantei aliogopa mpaka ugali ukamshinda kula.

Akampigia Koko simu ya video.

"Huyo mzee anaitwaje?" Koko akauliza. Sikio lake lilikuwa limejaa kioo chote.

Jina liliandikwa Maes, lakini wenyewe walilitamka Maas. "Anaitwa Maas, Koko."

Sikio likaondoka, jicho likaja kwenye kioo. Kisha: "Maasai?"

"Hapana, Koko. Maas tu."

"Watu wakienda mbali hukata majina. Si hata yule Mwololo wa duka siku hizi anajiita Mwolo? Huyo ni wetu, alipotea tu na ng'ombe wake. Sasa mtu wetu ataachaje kugusa kichwa? Hakuona vizuri, macho ya uzee. Inama zaidi."

"Koko, huku hawa..."

"Inama zaidi!"

Sasa wewe ungefanya nini? Jumatatu alimkuta profesa kwenye korido, akainama zaidi, karibu aguse magoti. Mzee wa watu akarudi nyuma mpaka ukutani, fimbo ameishika kwa mikono miwili. Maana chuoni kwao ilikuwa sheria kwamba mwalimu hamgusi mwanafunzi, hata begani, hata kwa pongezi. Na kila siku huyu binti anamletea kichwa!

Akamhurumia, akafanya alichoona ni chema. Akampeleka kwa mtaalamu wa shingo. Yule mama mtaalamu alimbonyeza huku na huku, akasema hajawahi kuona shingo nzima kama hii, kisha akampa mazoezi ya kufanya kila asubuhi, juu, chini, juu, chini. Mazoezi yakamsaidia sana. Akawa anainama kama mtu aliyetiwa grisi.

"Manze, utaanguka huu mtihani juu ya salamu," Odero akamwambia jikoni hostelini. "Kuja nikufunze. Mimi ndio profesa. Kifua mbele. Leta mkono."

Nailantei akaleta mkono, akautikisa, akasema habari za asubuhi bila shida yoyote.

"Si unaona? Ni rahisi!"

"Ni rahisi kwa sababu wewe si mzee," Nailantei akasema. "Wewe ni Odero."

Siku ya mtihani ikafika. Chumba kilikuwa na mlango wa kioo, na wanafunzi wote walipanga foleni koridoni wakichungulia. Nailantei aliitwa wa kwanza. Akaingia kifua mbele kama alivyofunzwa, akatoa mkono, akautikisa mkono wa mzee. Kichwa kikabaki juu. Odero kule nje akanyanyua dole gumba.

Profesa akauliza swali la kwanza. Lilikuwa swali jepesi, hata mtoto wa Magadi anayeishi na maji ya chumvi angelijibu. Nailantei akafungua mdomo. Hakuna kitu. Akaufunga, akaufungua tena. Profesa akauliza la pili kwa upole zaidi, na msaidizi wake, mama mmoja mwenye miwani, akaanza kutazama saa. Nailantei akaona joho linampita, akamwona mama yake akiwaeleza watu kanisani Isinya kwamba ilishindikana, na uchungu ukamjaa mpaka ukamsukuma.

"Profesa," akasema, "sina ugonjwa wa shingo. Wewe hujanisalimu."

"Nimekupa mkono sasa hivi."

"Huo ni wa marafiki. Wewe ni mzee. Kwetu mzee anasalimu mtoto kwa kumgusa kichwa. Tangu siku ya kwanza nakuletea, na wewe unakikataa. Nitaongeaje na mtu anayenikataa?"

Uso ukamwiva mzee. Pengine alikumbuka siku ile ya kutafuta sakafuni. Akamgeukia msaidizi, na yule mama akatikisa kichwa: sheria ni sheria.

"Kichwa ni changu," Nailantei akasema. "Nimempa mwenyewe, na wewe mama ni shahidi."

Msaidizi akavua miwani akaipangusa kwa muda mrefu, namna ya mtu ambaye haoni lolote. Profesa akaegemeza fimbo mezani, akasimama.

"Nikigusa ninasema nini?"

"Takwenya."

Akainamisha kichwa, na kiganja kikatua utosini, kizito. "Takwenya," akasema mzee kwa makini.

"Iko!" Nailantei akaitikia. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Kisha akaongea. Aliongea kuhusu visima vya Kitengela na kwa nini kimoja kina chumvi na cha jirani hakina, akaongea kuhusu miamba, mvua na viwanja vipya, akajibu maswali ambayo hayakuulizwa. Ilibidi wamzuie. Profesa alimwambia hapo hapo kwamba amepita, tena vizuri, na akamwomba msamaha.

Sasa foleni ya kule nje haikusikia hata neno moja. Wao waliona tu kwa kioo: msichana aliyekuwa anaanguka ameinamisha kichwa, ameguswa, ametoka akicheka. Aliyefuata, kijana wa kwao kabisa mwenye ndevu nyekundu, akaingia kichwa chini. Profesa akashangaa, lakini ilionekana imempendeza. Akamgusa. "Takwenya!"

Nailantei, sasa yuko koridoni, akaisoma midomo ya mzee kwa kioo, akamnong'oneza Odero, kisha akashika mdomo wake. Takwenya ni salamu ya wanawake. Mwanamume husalimiwa Sopa. Lakini mzee alikuwa na neno moja tu la Kimaa, na alilitumia kwa wote, ndevu kwa ndevu, huku yule mama mwenye miwani akizidi kuipangusa.

Odero alikuwa wa mwisho. Kitengela nzima inajua Takwenya ni ya nani, na yeye jasho lilikuwa linamtoka.

"Nailantei, please, ingia umwambie!"

"Mimi? Nimsahihishe mzee?"

Mlango ukafunguliwa. Odero, aliyewahi kumpa mkono kila mtu duniani, akautazama mkono wake, akautazama mlango, akafikiria alama. Akaingia, akainama.

"Takwenya," akasema profesa.

"Iko," akaitikia mwana wa Siaya, kwa sauti nyembamba kama ya bibi harusi.