Mdogo wangu alihama na wateja wangu ndani ya simu, na mimi nikamfanyia kibaya zaidi

Admin, nifiche tafadhali, na huyo mdogo wangu muite Nekesa, si jina lake. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, nina watoto wawili, naishi Mbotela. Kwa miaka kumi na moja nimepika kwenye kibanda changu hapa mtaani: chapati, maharagwe tunayoyaita madondo, mboga ya kienyeji, na matumbo ninayoyafuata soko la Burma mwenyewe asubuhi kwa sababu siamini mtu anichagulie. Wateja wangu walikuwa mafundi, madereva na wazee waliostaafu. Sikuwa tajiri, lakini sufuria zilikuwa zinarudi nyumbani tupu.

Nekesa ni kitinda mimba wetu. Baba alipofariki alikuwa darasa la nne. Nikamchukua, nikamsomesha mpaka kidato cha nne na kozi juu yake. Alipokosa kazi akaja kunisaidia kibandani. Wiki ya pili akaniambia, "Dada, siku hizi watu wanakula na macho kwanza. Niachie nikuonyeshe." Akaanza kunirekodi na simu na kuweka video kwenye peji aliyoifungua mtandaoni. Alitupa sahani zangu za bati, akaleta vibao vya mbao. Akapaka ukuta rangi ya waridi, akatundika vitaa. Chakula kilikuwa kinangoja kipigwe picha ndipo kimfikie aliyeagiza. Mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyekula kwangu tangu nifungue, aliniuliza, "Mama, kwani siku hizi hata madondo yanapigwa picha ya kitambulisho?" Nilicheka. Baadaye akawa anakuja mara moja moja, kisha akaacha kabisa. Sikumfuata. Hilo ni kosa langu.

Sikumfuata kwa sababu wageni walikuwa wanamiminika! Video ya mikono yangu nikisukuma chapati ilienda mbali sana. Uso wangu hakuuonyesha. Alisema mikono ndiyo watu wanapenda. Vijana wakatoka mitaa nisiyoijua, wamevaa vizuri, wanafuata ramani ya simu mpaka mlangoni. Jioni tulikuwa tunaketi mimi na Nekesa tunasoma maneno ya watu, tunacheka mpaka machozi. Nilimpigia mama nikamwambia Mungu ametukumbuka.

Kisha mama akafanyiwa upasuaji, nikaenda nyumbani kumuuguza wiki tatu. Nekesa nikamwachia funguo. Kila nikipiga simu ananiambia, "Usijali Dada, huku ni sawa." Niliporudi nilikuta kibanda kimefungwa, vile vibao havipo, hata sufuria kubwa haipo. Nikadhani tumeibiwa. Nikiwa bado nafagia, akaja msichana ameshika simu, akasimama mlangoni akiangaza huku na huku. "Hapa si ndio kulikuwa na zile chapati? Ramani inasema mlihamia mtaa wa Fedha."

Nikamwambia ni mimi ninayepika zile chapati, hiyo mikono ni yangu, aingie nimpikie. Akaniangalia, akaangalia simu, akasema kwa upole kabisa, "Pole mathe. Wameandika tujihadhari na wanaowaiga." Akaenda zake. Nilibaki na ufagio mkononi, mwigaji wa mikono yangu mwenyewe.

Nilienda Fedha siku hiyo hiyo. Nikakuta hoteli nzuri, na picha ya mikono yangu ukutani, kubwa kuliko mlango. Nekesa hakujificha. Alisema mbele ya wafanyakazi wake, "Dada, hiyo peji ni yangu. Niliitengeneza na simu yangu. Wewe ulipika tu."

Ulipika tu! Nilirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia maana sikutaka kuketi karibu na mtu anione nikilia.

Sasa hapa ndipo nawaungamia. Nilifungua akaunti kwa jina la uongo, nikaandika kwenye grupu moja kubwa la akina mama kwamba nilikula matumbo pale kwake na mtoto wangu akalazwa. Hakuna mtoto aliyelazwa. Nilidhani watasoma watu wachache. Kufikia Jumapili ilikuwa imesambaa kila mahali, na wengine, ambao naapa hawajawahi kufika pale, wakaandika, "Hata mimi nilihara siku tatu." Uongo wangu ukazaa. Wiki iliyofuata nikapita nje ya hoteli yake saa ya chakula cha mchana, nikaona viti vitupu. Nitasema ukweli: siku hiyo nilifurahi.

Jana Nekesa alikuja kwangu. Amekonda. Alipiga magoti jikoni kabla hata sijamkaribisha. "Dada, nisamehe. Nilikula jasho lako, na naona Mungu ananilipa."

Hilo neno nililingoja miezi minne. Lilipokuja nilishindwa hata kumwinua. Alipomaliza kulia akafuta uso na kuniambia, "Kuna mtu wa kompyuta amesema anaweza kujua ni nani aliandika ule uongo. Twende wote Jumamosi. Sitaki kuwa peke yangu nikimjua."

Nikamjibu sawa. Sijui lile jibu lilitoka wapi.

Mama hajui lolote. Bado anatumia dawa, na kila akiomba anashukuru kwamba wanawe wanapendana. Nikifuta yale maneno, watu walishayapiga picha na kuyasambaza. Nikinyamaza, huenda yule mtu akanitaja mbele yake. Nikisema, nitampoteza mtoto niliyemlea mwenyewe, siku chache tu baada ya kunirudia. Na bado, ndugu zangu, sijamsamehe yote. Nikipita Fedha naangalia upande wa pili.

Nyinyi mliolea wadogo zenu, nishaurini. Nimwambie mwenyewe kabla ya Jumamosi, au niende naye nikanyamaze, nifanye nini? Msinitukane tafadhali, hiyo kazi nimeshaifanya mwenyewe usiku na mchana.