Ukanda wa Kwanza wa Mama Tofali

Mama Tofali hakuwahi kununua kitu bila kukiminya kwanza. Nyanya, godoro, gari bovu, ahadi ya mtu: vyote alivibonyeza kwa kidole gumba, kisha ndipo akafungua mdomo. Alianza pale machimboni kama mbeba tofali, kumi na mbili kichwani, na wenzake walipojinyoosha kivulini yeye alikuwa akiuliza maswali. Udongo huu unatoka upande gani? Kwa nini tofali za tanuri lile hupasuka? Miaka ishirini na mitatu baadaye machimbo yalikuwa yake, matanuri mawili yalikuwa yake, na jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Sasa udongo mzuri ulikuwa unamkimbia. Mshipa wa udongo wa mfinyanzi, ule mwekundu unaoteleza mkononi kama sabuni, ulikuwa umekata kona ukaingia chini ya shamba la jirani, mwalimu mstaafu. Bila shamba lile matanuri yangepoa kabla ya mwaka kwisha, na watu arobaini na mmoja wangekaa nyumbani. Akaenda kubisha hodi.

"Karibu," alisema Mwalimu. "Najua ulichofuata, kwa hiyo tusichoshane. Aliyekuwa na machimbo kabla yako alikaa kwenye kiti hicho hicho akaniapia kwamba shimo litafukiwa. Mpaka leo mbuzi wanavunjika miguu mle."

"Yeye ni yeye, Mwalimu. Mimi ni mimi."

"Hata yeye alisema hivyo. Nionyeshe kipande kimoja, kimoja tu, ulichokichimba ukakirudisha kuwa shamba. Siku ya tatu baada ya mvua ya kwanza nitakuja kukikanyaga. Kikinipendeza, tutazungumza. La sivyo, usinibishie hodi tena."

"Na kikikupendeza utanikodisha shamba lote?"

"Haya, ameshaanza!"

Mama Tofali hakubembeleza. Mtu anayetaja sharti, aliwaza njiani, ni mtu anayetaka kuuza.

Akamtafuta mpimaji wa ardhi, bwana mmoja mwenye kipara na viatu visivyojua tope. Baada ya wiki mbili mpimaji alikuja na ramani, akaitandaza kwenye meza ya ofisi, ambayo ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya tofali. Shimo lote lilikuwa limepakwa kijani. Kulikuwa na miti, njia za kutembelea, hata mabenchi.

Mama Tofali aliitazama kwa muda. "Bwana mpimaji, huu ni mpango au kadi ya harusi?"

"Mama, hivyo ndivyo mandhari itakavyokuwa machimbo yakishafungwa."

"Nani kakwambia yanafungwa? Haya yanafanya kazi. Mimi nataka mpango wa shimo linalokula huku likinawa. Na kifusi cha kujaza shimo lote hili kitatoka wapi?"

"Kitanunuliwa."

"Na nani?"

Mpimaji akakohoa. Mama Tofali akamtupia jozi ya mabuti.

Kwa siku tatu walishuka na kupanda, wakibishana kila hatua. Upande wa kaskazini, kwenye kina ambako maji hayakauki hata kiangazi, walikubaliana pabaki bwawa, ila kingo zilazwe ili ng'ombe au mtoto akitumbukia atoke kwa miguu yake. Ukuta mkali ukatwe ngazi ngazi na upandwe nyasi za mizizi mirefu. Magharibi, ambako shimo halikwenda chini sana, pawe shamba. Na kazi iende kwa kanda: mbele wanachimba, nyuma wanafukia. Kifusi kiwekwe peke yake, na udongo wa juu, ule mweusi unaootesha, peke yake.

Palipowashinda ni urefu wa lundo la udongo wa juu. Mama Tofali alitaka limwagwe kama mlima, lisile nafasi. Mpimaji alisema lisipite kifua cha mtu, la sivyo udongo wa katikati utakosa hewa na kufa.

"Udongo unakufaje? Una mama na baba?"

Mpimaji alichukua koleo, akatoboa lundo la zamani lililokuwa nyuma ya tanuri mpaka ndani kabisa, akamletea konzi moja. Mama Tofali akaiminya, akainusa. Ilinuka kama maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa.

"Hapo umenishika," alisema. "Andika kifuani."

Ukanda wa majaribio akapewa shemeji yake, mdogo wa mumewe, dereva wa mashine ya kuchimbia, ambaye kila mtu alimwita Kijiko. Alishusha kifusi vizuri, akamwaga udongo wa juu vizuri. Kisha akaharibu, na aliharibu kwa sababu ya ufundi wake. Miaka yote Kijiko alisifiwa kwa kutengeneza uwanja wa kuanikia tofali mbichi, kwani uwanja usiposhindiliwa hadi ukawa mgumu na sawasawa, tofali hukauka zimepinda. Basi na shamba akalishindilia vile vile. Akapita juu yake na mashine, akarudi, akapita tena. Mama Tofali mwenyewe, ambaye macho yake yalikuwa ya tofali, alisimama ukingoni akasema, "Shemeji, umenyoosha kama meza." Mpimaji hakuwepo kuwaambia kitu.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi yake ukanda wote ulikuwa umejaa maji yanayong'aa kama sinia, hakuna hata tone lililozama.

Kijiko akavua kofia. "Shemeji, tuchomeke miche yenye majani. Yule mzee atajuaje?"

"Yule mzee amesahihisha madaftari ya watoto waongo miaka thelathini na mitano. Leo wewe ndiye utakayempita?"

"Basi tuutifue wote kabla hajaja."

Mama Tofali alikuwa ameshampigia simu mpimaji, ambaye alimwonya kwamba mashine isikanyage udongo ulioloa. "Tifua nusu," Mama Tofali alimwambia Kijiko. "Kwa jembe uma, mkisimama juu ya mbao. Nusu nyingine iacheni na maji yake."

"Utajiumbua!"

"Mficha uchi hazai. Chukua jembe, na wewe wa kwanza."

Watu kumi na wanane walitifua siku mbili, Kijiko akiwa mbele, akiguna kama mama mjamzito. Jioni ya pili kikashuka kimvua kingine.

Siku ya tatu Mwalimu alifika na fimbo yake. Akaichomeka kwenye nusu ya kwanza, pembeni ya dimbwi. Ilidunda.

"Umenitengenezea sakafu?"

"Ndiyo," alisema Mama Tofali. "Sisi ni watu wa tofali, tumezoea kushindilia. Tukashindilia na shamba. Sasa njoo huku."

Kwenye nusu ya pili hapakuwa na maji, na fimbo ilizama hadi karibu na mkono. Mwalimu akachuchumaa, akavunja donge, likapukutika.

"Kwa nini hukutengeneza pote?"

"Ungeona pazuri, ukaenda kulala ukijiuliza nimekuficha nini. Sasa unajua tunavyokosea na unajua tunavyorekebisha. Imeshaandikwa kwenye mpango: mashine ikimwaga udongo wa juu inarudi kinyumenyume, haikanyagi tena."

Mwalimu akavunja donge la pili, na la tatu. Mama Tofali akamsubiri. Kwenye biashara anayeongea wa pili ndiye anayelala vizuri.

"Lote sikupi," Mwalimu akasema mwishoni. "Ukanda mmoja. Ukiurudisha, wa pili. Na udongo wangu wa juu hauvuki mpaka."

"Hauvuki. Utalala shambani kwako, lundo la kufika kifuani. Ukanda wa hatua hamsini."

"Thelathini, na hapo sishuki wala sipandi."

"Thelathini basi," alisema Mama Tofali kwa unyenyekevu. "Ila pima mwenyewe, Mwalimu. Shamba lako, hatua zako."

Mwalimu alikuwa mrefu kiasi cha kuinama milangoni. Akavuka mpaka hadi shambani kwake, wao nyuma, akaanza kupiga hatua kama korongo, akihesabu kwa sauti ya darasani. Kijiko alitaka kusema kitu. Shemeji yake akamkanyaga buti. Kwenye thelathini Mwalimu akapigilia kigingi, akageuka, na kuona walivyokuwa wadogo kule alikowaacha. Kisha akaitazama miguu yake.

"Mama Tofali!"

"Naam, Mwalimu!"

"Kwa hatua zako ningefika wapi?"

Mama Tofali akamwonyesha kichuguu kimoja alichokuwa amekipita zamani.

Mwalimu akakitazama kichuguu, akakitazama kigingi. "Mwanamke wewe!" akasema, akainama kutafuta jiwe, akakigonga kigingi mara mbili zaidi mpaka kikashika.