Sahani ya Jumatano

Mwanangu, kuna mchana mmoja wa Bujumbura niliotembea nao Uvira, Kigoma, hadi Kigali, na hakuna mji ulionisahaulisha. Nilikuwa nimemaliza sekondari, vita havijaisha, na Mzee Saidi, fundi baiskeli wa mtaa wa Bwiza aliyeongoza kikundi cha kutetea waliokamatwa, alinipa kazi ya kuandika daftari lao.

Wakati ule mtu akikamatwa aliweza kukaa mahabusu miezi bila jalada. Chakula alipelekewa na mkewe. Sahani ikirudi tupu, yumo. Ikirudi imejaa, hayumo tena. Kila adhuhuri nilisimama karibu na lango la mahabusu ya Kanyosha, nikiwauliza akina mama na kuandika jina, siku, sahani. Kila Alhamisi asubuhi mwanasheria wa kikundi alimpelekea mwendesha mashtaka nakala: huyu mnaye tangu siku fulani, sheria inataka afikishwe kwa hakimu. Wachache walitoka hivyo.

Akina mama walinitania. "We karani," Mama Divine aliniambia, "andika na maharagi yangu imekosa chumvi, bwana asije kunishitaki akitoka!"

Jumatano moja risasi zililia asubuhi. Kufikia adhuhuri mabasi yalikuwa yanatembea, nami nilijua, lakini nilikuwa nimekaa na rafiki zangu mtaani Kamenge, mazungumzo yamenoga. Jioni nikanakili mistari ya Jumanne kuwa ya Jumatano. Amekula. Amekula. Amekula.

Ijumaa Mama Divine alikuja Bwiza na mwanasheria. Sahani ya mumewe ilikuwa imerudi imejaa Jumatano, na Alhamisi alikwenda kwa mwanasheria badala ya langoni. Mwendesha mashtaka alikuwa amejibu kwa upole: "Daftari lenu wenyewe linasema Jumatano mchana alikula. Tulimwachia jioni yake, mzima. Mtafuteni huko nje."

"Jumatano nilikutafuta pale mulangoni," Mama Divine aliniambia. "Nikabaki na sahani mukononi."

Mzee Saidi alifuta grisi vidoleni polepole.

"Ulimulisha mutu asiyekuwako," alisema. "Sasa andika pale: sikufika."

"Watatucheka, Mzee."

"Wacheke. Andika."

Niliandika. Tulipolipeleka daftari kwa mwendesha mashtaka, tuliambiwa daftari linalobadilika si ushahidi, na tangu hapo hawakupokea hata mistari ya kweli. Mume wa Mama Divine hakuonekana tena. Mama Divine, nilisikia baadaye, aliendelea kubeba ile sahani hadi msimu wa mvua ukaisha. Mimi niliondoka mjini kabla hajaacha.

Leo nyinyi mnaandika majina ya waliokamatwa kwenye simu, na watu wa mbali, wasiojua Kanyosha iko wapi, husoma mistari yenu ili wajue ni katika nchi gani sheria bado inamlinda mtu. Ni kazi njema, ifanyeni. Ila mwanangu, usiandike usichokiona wala hukuambiwa na aliyekiona. Pakiwa patupu, pawe patupu, kwa maana pakiwa patupu mtu atauliza. Uongo wako mdogo unamjibia mwenye kosa.

Mungu akujalie miguu ya kufika. Na siku usipofika, akujalie ujasiri wa kuandika hivyo.