Kongoro na Bega la Chuma

Kwenye bucha ile ya kona, mwenye shoka ndiye aliyesema na wateja. Wengine walinyamaza. Na shoka lilikuwa la bwana mmoja tuliyemwita Kongoro, maana miguu ya ng'ombe aliikata pigo moja moja, vipande sawasawa, hata chembe ya mfupa isiruke. Mdogo wake, mtu mzima mwenye mke na mvi za kuanzia, kazi yake ilikuwa kuosha matumbo na kupepea nzi kwa kipande cha boksi. Akiomba ajaribu walau ubavu, Kongoro humwambia mbele za watu:

"Mkono wako huo? Pepea."

Wateja wanacheka, mizani inapanda na kushuka, siku inakwenda.

Basi bega la kulia likaanza kumla Kongoro. Lilimla taratibu, mpaka ikawa shati anavishwa na mkewe na nywele anachanwa kama anapelekwa shule. Lakini kukata, alikata, ameuma meno. Hospitali walipompiga picha waliona mfupa unasagana na mfupa. Wakapasua, wakatoa kile kichwa cha mfupa kilicholika, wakaweka cha chuma. Daktari, mama mmoja mpole, alimweleza bila haraka, mdogo wake naye amesimama pale kando ya kitanda:

"Maumivu yataisha, baba. Utakula, utaoga, utavaa. Ila shoka sahau."

"Na maumivu yakishaisha?"

"Yakishaisha, shoka bado sahau. Bega litachomoka."

Kongoro alisikia lile la kwanza tu.

Na kweli yakaisha, na hilo ndilo lililomponza. Mtu amekata nyama miaka na miaka bega linawaka moto, leo haliumi hata kidogo, utamwambia nini? Kile kitambaa cha kuning'inizia mkono shingoni akakitupa mapema. Mazoezi ya kutambaza vidole ukutani akayaona mchezo wa watoto, akaacha. Kilichomuuma sasa ni habari kwamba mdogo wake anakata, tena anaongea na wateja.

Asubuhi moja akaingia, bucha imejaa.

"Toka kwenye gogo."

"Karibu, kaka. Bega linasemaje?"

"Haliumi. Toka."

Mdogo mtu angeweza kusema neno. Maneno ya daktari alikuwa nayo yote kichwani. Alilifuta shoka, akampa kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Mbavu laini zilikuwa pale pale juu ya meza. Yeye akaziruka, akaenda kwenye kulabu, akashusha mguu mzima wa nyuma wa fahali, akaulaza juu ya gogo.

"Mama huyu anataka goti, kaka. Mimi linanishinda."

Pigo la kwanza lilizama. Kongoro akatutazama mmoja mmoja, anacheka kwa macho. La pili halikushuka. Shoka lilimtoka likaanguka nyuma yake, mkono ukaning'inia, na chini ya shati pakatokea uvimbe kama ngumi, mahali pasipo pake.  Alikaa chini kwenye maji ya matumbo.

"Sasa goti langu?" mama yule akauliza.

Mdogo mtu akaokota shoka, akalipasua goti kwa pigo moja. "Vipande vikubwa au vidogo, mama?" Alipomaliza kumfungia ndipo akatafuta gari.

Hospitali walilirudisha bega. Likachomoka tena akiwa anavishwa shati. Wakapasua upya, kidonda kikaingia vijidudu, kikatoa usaha wiki baada ya wiki, mwisho wakakitoa kile chuma na hawakurudisha kitu. Mkono sasa haupiti kiuno. Mkewe anamfunga vifungo huku anapiga soga na jirani dirishani, na akikosea kimoja anakiacha hivyo hivyo.

Bado anakuja buchani, angekwenda wapi. Amewekewa kigoda karibu na mlango, na kipande cha boksi kwenye mkono wa kushoto. Juzi mdogo wake alikuwa anaponda mguu, chembe za mfupa zinaruka mpaka kwenye mizani. Kongoro akashindwa kuvumilia.

"Fuata kiungo, bwana mdogo. Usiponde."

 Mwenye shoka hakugeuka.

"Pepea."

Wateja wakacheka. Kongoro akatazama lile gogo, kisha akapepea.