Ukishinda, Tupandishe Bendera Gani?

"Na weye ukishinda, tupandishe bendera gani?"

Mwalimu wa michezo aliniuliza hivyo ufukweni Rumonge, mbele ya wenzangu, maji bado yakinichuruzika. Katika kuogelea nilikuwa nimewaacha wasichana wote nyuma, na wawili wa kwanza ndio waliopaswa kwenda Bujumbura kujaribiwa kwa ekipe, timu ya vijana ya taifa. Baba yangu ni Mswahili wa Rumonge, mama yangu ni wa Uvira, upande wa Kongo. Mimi nilizaliwa hapahapa.

Akajijibu mwenyewe. "Mutoto wa Mukongomani abaki. Leteni yule wa tatu."

Wenzangu walicheka. Mmoja alinirushia kitenge changu kama anayefukuza kuku.

Nyumbani, mama alikuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani. Hakuinua macho. "Mwache, Mungu yupo," alisema. Nilimuuliza yupo akingoja nini; akaendelea kugeuza samaki.

Chuoni Bujumbura wengine walitafuta wachumba. Mimi nilitafuta jibu, na nililipata kwa watu ambao sijawahi kukutana nao, Waayalandi. Kisiwa chao kimekatwa: sehemu kubwa ni nchi yao wenyewe, kaskazini iko chini ya Uingereza. Mwanamichezo wa kaskazini anaweza kwenda Olimpiki kwa bendera ya Ayalandi, kisha kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola akasimama upande wa Ayalandi ya Kaskazini. Mtu yuleyule, mikono ileile, na hakuna anayemtoa majini. Nililitunza jibu hilo na kulinoa kila nilipokumbuka kitenge.

Olimpiki ilipofika nilirudi Rumonge. Nilijua Mwalimu anakaa wapi jioni: mkahawa wa karibu na soko, chini ya televisheni, akiwafafanulia watu kila mchezo. Nilikaa meza ya nyuma, nikinywa chai nisiyoitaka, mpaka alipotokea muogeleaji mmoja wa kaskazini, na kando ya jina lake ile bendera ya kijani, nyeupe na rangi ya chungwa.

"Kumbe Kodivaa nao iko na wazungu?" aliuliza muuza mawese.

"Hiyo ni Ayalandi," Mwalimu alimkosoa. "Ya Kodivaa inaanza na rangi ya chungwa. Uangalie kabla ya kusema."

Nilisimama. "Amahoro, Mwalimu. Huyu akishinda, wapandishe bendera gani?"

"Si nimesema? Ya Ayalandi."

"Lakini kwao ni kaskazini, kwa Waingereza. Kuna michezo mingine anavaa rangi nyingine."

"Ni haki yake. Mutu akizaliwa pale, iko na haki pande zote mbili."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo tangu utoto.

"Na mimi nilizaliwa wapi, Mwalimu?"

Alinitazama, akanitambua, akasimama wima.

"Mwalimu, binti anakuuliza," alisema muuza mawese.

"Mwacheni, anangoja wimbo wa taifa," mwingine akadakia, na mkahawa mzima ukacheka.

Aliondoka chai yake ikiwa nusu. Nilihamia kwenye kiti chake, ambacho kilikuwa bado na joto, nikatazama mpaka mwisho. Kuanzia wiki ile vijana wa sokoni walimwita Bendera. Wa kwanza kumwita hivyo nilikuwa mimi, kwa sauti, mbele ya watoto wake, na sikuona sababu ya kuacha.

Miaka mingi baadaye, harusini Uvira, mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa akisimulia mpira wa ujana wake. Walikuwa na golikipa Mrundi kutoka Rumonge, hodari kuliko wote, ambaye siku hizi, alisema, ni mwalimu wa michezo huko kwenu. Asubuhi ya fainali walimvua jezi. "Nilimuuliza mimi mwenyewe, kapteni: ukituletea kombe, tupandishe bendera gani?" Mjomba alicheka mpaka akafuta machozi. Na aliyepewa jezi ile aishike, alisema, alikuwa mama yangu.