Mguu wa Deo na Mshale wa Antipasi

Saa moja na nusu asubuhi, Mwankoko, Singida. Upepo unarusha maganda ya alizeti kutoka kwenye mashine ya kukamulia mafuta ng'ambo ya barabara, na Antipasi Mughenyi ameinamia injini ya lori dogo la petroli lililotengenezwa mwaka 1994. Mkononi ana mita ya zamani ya kupimia umeme, ile yenye mshale. Swichi imewashwa, injini imezimwa.

“Kanyaga, shemeji,” anasema bila kuinua kichwa. “Polepole. Kama umekanyaga kifaranga na hutaki afe.”

Ndani ya kabini, Deo anakanyaga pedeli ya mafuta kwa mguu wa kulia. Wa kushoto hana. Umeishia juu ya goti, na suruali imekunjwa ikabanwa kwa pini.

Mshale unapanda kidogo, unatetemeka, kisha unaanguka hadi sifuri. Kufumba na kufumbua umeruka juu tena, unaendelea kupanda kana kwamba hakuna kilichotokea.

“Rudia.”

Deo anarudia. Mshale unaanguka palepale.

“Mwizi amepatikana,” anasema Antipasi.

Mwizi mwenyewe ni sensa isiyozidi ukubwa wa kiberiti. Kazi yake ni kuiambia injini dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Hii imelika mwanzoni, pale mguu unapoanza tu kugusa. Ndiyo maana tangu Ijumaa lori hili linazima kila likisimama, na likiguswa mafuta linaruka kama punda aliyechomwa mwiba.

Limeshapita gereji nyingine mjini, yenye mashine ya kompyuta. Mashine haikuona pa kuchomekwa. Lori ni la zamani mno. Kwa hiyo mafundi wakabahatisha. Wakabadilisha plagi, wakabadilisha pampu ya mafuta, wakasema limepona. Likazima getini.

“Hata mita za namba hazimpati huyu,” anasema Antipasi, mwenye umri wa miaka 47, ishirini na minne kati ya hiyo akiwa gereji. “Anaanguka na kuinuka kabla namba haijabadilika. Mshale unamwona. Lakini mshale unataka mguu mpole, na Singida nzima sijaona mguu mpole kama wa shemeji yangu.”

Mwenye lori ni Rahabu, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Issuna. Amekaa juu ya tairi kuukuu, khanga kichwani. Nyuma ya lori kuna magunia arobaini, na mnunuzi anasubiri Nzega.

“Sensa inapatikana?” anauliza.

“Dar. Ikipakiwa kwenye basi leo, kesho asubuhi ipo hapa.”

“Kesho vitunguu vyangu vitakuwa mchuzi. Fundi, pandisha silensa niondoke.”

Silensa ni mngurumo wa injini pale mguu usipogusa mafuta. Kuipandisha ni kuzungusha skrubu moja tu. Dakika kumi, shilingi elfu tano, na lori halizimi tena. Mafundi wengi wanafanya hivyo na wenye magari wanashukuru.

Lakini skrubu haiponyi kitu. Inaruka tu pale palipolika, na tangu hapo injini haijui tena kutulia. Dereva akiondoa mguu kwenye mteremko, badala ya kulishika lori, injini inalisukuma. Mzigo wote unabaki kwa breki.

“Nzega utapitia wapi, mama?”

“Mlima Sekenke. Kwani kuna njia nyingine ya Nzega?”

“Basi silipandishi.”

Rahabu anacheka kwa pua. “Gereji tupu, na bado fundi anachagua kazi.”

Hapo ndipo Deo anaposhuka kwenye kabini, gongo kwanza, mguu baadaye. Rahabu, ambaye hakuwa amemwona vizuri, anashusha sauti.

“Pole, kaka. Ajali?”

“Sekenke, mama. Lori lilikuwa limepandishwa silensa. Breki zikachoka katikati ya mlima.”

“Mungu wangu. Na fundi gani alifanya hivyo?”

Deo anaangalia ncha ya gongo lake. Amekuwa akiiangalia hivyo kwa miaka sita kila swali hili linapokuja.

“Mimi,” anasema Antipasi.

Hakuna aliyemlazimisha kusema, na jibu hilo limeshamkimbizia wateja wengi. Zamani alihudumia malori manane kwa wiki. Siku hizi akipata mawili anamshukuru Mungu.

Rahabu anasimama. “Kumbe. Umemkata shemeji yako mguu, halafu unanifundisha mimi usalama? Kefa, chukua ufunguo.”

Kefa, dereva wake, ni kijana wa Iramba asiyezidi miaka thelathini. Anasita.

“Umesikia tulichosema?” Antipasi anamuuliza.

“Nimesikia, fundi. Lakini lori si langu, na tonge linatoka humo humo.”

“Ukifika juu ya mlima, simama. Acha breki zipoe. Gia nzito iingize ukiwa bado juu, usisubiri lori likuchukue.”

“Sawa, fundi. Na shikamoo, sikukuamkia.”

“Marahaba. Nenda polepole, mwanangu.”

Gereji ya jirani, inayopandisha silensa bila maswali, iko hatua mia mbili. Dakika kumi baadaye lori linapita, linanguruma kama lina hasira na barabara. Rahabu anatazama mbele. Kefa anainua mkono.

Antipasi anafuta mita yake kwa kitambaa, anaifuta tena ingawa haina vumbi.

“Siku ile nilikuwa na wateja watatu wanasubiri,” anasimulia. “Tajiri wa lori alisema pandisha, nikapandisha. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Deo alinishukuru. Alinipigia honi akiondoka.”

Deo hana maneno mengi. “Aliniuguza mwenyewe. Nikatoka hospitali akaniambia njoo ukae kwenye kabini. Nikaja. Ningekwenda wapi?”

Agnes, mke wa Antipasi na dada wa Deo, anawaletea ugali na mlenda saa saba. “Mwaka wa sita huu,” anasema, “chungu kimoja kinamlisha aliyekata na aliyekatwa. Hawajawahi kugombana. Mimi ningependa siku moja wagombane, nilale.”

Wapo wanaomshauri Antipasi anunue mashine ya kompyuta. Anawajibu kwa ukali.

“Niichomeke wapi? Haya magari ndiyo yanayobeba chakula chetu, na hayana pa kuchomeka. Mimi nataka sanduku. Sanduku moja la sensa za magari haya haya ya wazee, likae hapa Mwankoko. Mtu asiniambie tena kwamba kesho ni mbali.”

Mchana ule ule alipiga simu Dar. Asubuhi iliyofuata kondakta wa basi akamkabidhi kifurushi. Antipasi akakiweka juu ya rafu, peke yake, na kwa kalamu ya wino akaandika juu yake namba za lori la Rahabu.

“Umemnunulia aliyekutukana,” Deo akamwambia.

“Sikumnunulia yeye. Ni ya lori.”

“Na lisiporudi?”

Antipasi alikisogeza kifurushi katikati ya rafu.

“Litarudi. Akitaka kufika kwao Issuna, atapita hapa.”

Hadi simulizi hii inaandikwa, siku ya tatu, lilikuwa halijapita. Simu ya Kefa haipatikani. Kila mngurumo unaposikika kutoka upande wa mjini, Antipasi huacha bisibisi na kuinua kichwa. Deo, aliyekaa ndani ya kabini ya gari jingine, haangalii hata barabarani. Anasikiliza tu.

“Siyo lile, shemeji,” anamwambia. “Hili limetulia.”