Kijapani cha Sajini

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye duka la vyerehani Iringa mjini, Fundi Mkuu alinikabidhi kopo la mafuta na kitambaa. Akasema, "Kijana, usiguse kitu ambacho hujui jina lake."

Nikamwambia, "Basi Fundi, mimi nitakaa nje, maana humu ndani ninachokijua jina ni mlango tu."

Alinitazama weee, halafu akacheka. Ndiyo nikaajiriwa hivyo. Nilikuwa na darasa la nne, mikono ya kijijini kwetu Kalenga iliyozoea jembe, na mdomo usio na breki.

Yule mzee alinifundisha kila kitu kwa jina lake. Bobini, ile roda ndogo inayobeba uzi wa chini. Mkanda, ule wa ngozi unaozungusha gurudumu ukikanyaga pedeli. Jina kwanza, kugusa baadaye. Namshukuru mpaka leo, maana bila yeye hata hayo mengine nisingeyaweza.

Baadaye Tajiri, mwenye duka, alifungua duka la pili Mbeya, akanipeleka huko niwe fundi. Tajiri alikuwa mtu wa pwani, amekaa bara miaka mingi na kila asubuhi analalamikia baridi kama amefika jana. Ilikuwa miaka ya hamsini, na huko Mbeya ndiko nilikozikuta mashine za Kijapani. Zilikuja kwenye makasha, zimefungwa vizuri kama bibi harusi, pamoja na karatasi ya maelekezo ambayo mji mzima hakuna wa kuisoma.

Tajiri akaniita. "Mwezi ujao anakuja fundi wa Kijapani, anatoka kwa hao wenye mashine. Anatafuta mtu mmoja amfundishe, awe ndiye fundi wao Mbeya na Iringa yote. Akiona hufai, mzigo wote unarudi Dar es Salaam, na wewe unarudi Kalenga kulima. Mashine za zamani peke yake hazitutoshi."

"Usiwe na wasiwasi, Tajiri. Nitampokea kwa Kijapani."

"Kijapani umekijulia wapi wewe?"

"Bado sijakijua. Si umesema mwezi ujao?"

Mimi nilikuwa natania. Tajiri yeye akaenda kuwaambia wateja, na kufika jioni soko zima linajua kuna fundi anaongea Kijapani. Ikabidi nianze.

Nilianza na ile karatasi. Nikaona kuna alama moja inarudi rudi kwenye mchoro wa mashine, na kila inaporudi pana tundu. Ilikuwa na vitone vitatu upande wa kushoto, na kulia kasanduku kenye msalaba ndani. Nikachukua kopo langu, nikafuata yale matundu moja moja. Yote ya mafuta. Vile vitone nikaviona kabisa vinadondoka. Siku ile nilitembea Mbeya kifua mbele, msomi wa neno moja.

Kusoma ni kusoma, lakini kuongea je? Hapo nikamwendea Sajini. Alikuwa mlinzi wetu, Mnyakyusa mtu mzima anayekaa Ilomba, zamani askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Alipigana Bama kwenye vita na Wajapani, na huko akawekwa kulinda mateka wa Kijapani.

"Afande, nifundishe Kijapani."

"Najua machache tu. Tena ya kazini."

"Hata mimi nataka ya kazini."

Akanipa. Tate, simama. Suware, kaa. Koi, njoo. Hayaku, haraka. La mwisho alilisema taratibu: mizu, maji. "Hilo walikuwa wanatuambia wao," akasema.

Nikajiona nimetajirika. Njoo, kaa, mgeni anataka nini zaidi? Nilijifunza nikiwa nakanyaga pedeli, kila mguu ukishuka neno moja. Sajini akipita mlangoni anasema, "Toa sauti kifuani, kijana. Unaongea kama umeibiwa."

Mgeni akafika. Mtu mwembamba, vumbi mpaka kwenye kope. Safari ilikuwa imemchosha, akakaa juu ya kasha pale pale mlangoni. Wateja wamejaa kuangalia. Mimi huyo mbele, kifua nje: "Tate! Koi! Hayaku!"

Yule bwana alisimama wima, mikono imebana mapajani, macho yakitazama mbali. Uso umempauka. Watu wakapiga makofi, wakidhani ndiyo salamu zao.

Sajini alisukuma watu akapita. "Nyamaza, kijana. Huyo amewahi kushikwa mateka. Ule uso naujua."

Nilitamani nirudi Kalenga kwa miguu. Sajini akaingia ndani, akatoka na maji kwenye kikombe cha bati. Akapiga goti kidogo kama Wanyakyusa wanavyofanya, akakishika kwa mikono miwili, akasema, "Mizu."

Mjapani akamtazama. Akapokea kwa mikono miwili, akainama. Sajini akainama pia. Mwenzake naye akainama zaidi.

"Hawa wataishia sakafuni," Tajiri akasema, na hapo mgeni akaanza kunywa.

Alijua Kiingereza kidogo, Tajiri akatafsiri. Kweli, alishikwa huko huko Bama. Sajini akafikiri, halafu akasema, "Muulize. Walikuwa wanapewa maji?"

Tajiri akauliza. "Anasema walikuwa wanapewa."

Sajini akaitikia kwa kichwa mara moja, akarudi lindoni kwake.

Mimi nikaleta karatasi yangu, nikaonyesha ile alama, nikaonyesha kopo, nikaonyesha matundu. Sikufungua mdomo. Mgeni akacheka kwa mara ya kwanza, akanitamkia jina la ile alama: abura, mafuta. Wiki nzima tulifungua mashine na kuzifunga, na kila neno langu la amri alinipa jingine mahali pake. Kwa mfano dozo, kiganja wazi mbele ya kiti. Hiyo ndiyo karibu yao.

Mwisho nikamwuliza Tajiri, "Amesemaje kuhusu mimi?"

"Anasema una sauti ya mnyapara, ila unasikiliza. Kazi ni yako. Nadhani anaogopa kukukataa, utamwambia anyooshe mikono juu."

Asubuhi ya kumuaga, Sajini alinivuta pembeni. "Kijana, nipe moja zuri. Kwa haya yangu sitaki kuagana naye."

Nikampa arigato, asante. Alizunguka duka akilisema mpaka gari likaja. Kisha akasimama mbele ya mgeni, kofia mkononi, akalitoa neno lake kifuani.

Mjapani akamjibu kwa Kiswahili, polepole: "Asante, Afande. Maji."

Kazi ile niliifanya Mbeya, halafu Iringa, mpaka macho yakakataa kutunga uzi. Ilinijengea nyumba, ikasomesha wanangu. Vijana wakija kuniuliza lugha ngeni inaanzwaje, nawaambia waanze na aliyepo karibu, hata kama anachokijua ni kidogo na kina makovu. Mimi wangu alikuwa mlinzi wa duka. Wakiingia kwangu nawaonyesha kiti kwa kiganja wazi, dozo, halafu kabla hatujaongea lolote natuma mtu alete maji.